Kufuata majivu ya Ol Doinyo Lengai: siku saba kutoka Mto wa Mbu hadi mchanga unaohama

Upepo wa upande wa Ziwa Natron huvuma kutoka mashariki sehemu kubwa ya mwaka, na kwa sababu hiyo majivu ya Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, huanguka zaidi magharibi. Safari hii inafuata njia hiyohiyo ya majivu: kuanzia Mto wa Mbu, kupita chini ya mlima, kupanda hadi kwenye kreta, yaani shimo la kileleni, kisha kuvuka ukingo wa Bonde la Ufa na kushuka taratibu hadi mbuga za nyasi fupi na ule mchanga mweusi ulio karibu na Olduvai. Magari mawili yanayovuta kwa magurudumu yote manne, watu wanane, mwongozaji mwenyeji wa Engare Sero, kijiji kilicho chini ya mlima. Wakati ni mwisho wa Januari: mvua za vuli zimeshapita, nyumbu wanakaribia kuzaa, na makorongo mengi hayana maji.

Wengi waendao Lengai hupanda usiku, hupiga picha alfajiri na kurudi Arusha kesho yake. Wanauona mlima, lakini kazi uliyoifanya inabaki magharibi, nyuma ya migongo yao.

Siku ya kwanza: Mto wa Mbu hadi Engaruka, kilomita kama 60

Mafuta yanajazwa Mto wa Mbu, matangi yote na madumu mawili ya lita 20 kwa kila gari, kwa kuwa mbele hakuna kituo cha kutegemea. Fedha taslimu zinahitajika pia. Njiani kuna vizuizi vya ushuru vya halmashauri na vya vijiji, na kila kimoja kina stakabadhi yake. Zitunze zote hadi mwisho wa safari, kwani huulizwa tena wakati wa kurudi.

Baada ya Selela barabara inakuwa ya vumbi jepesi la kijivu linaloingia kila penye tundu. Vumbi hili kwa sehemu kubwa ni majivu ya kale ya volkano yaliyosagwa na kwato na magurudumu. Chembe zake ni vipande vya kioo na madini vyenye kingo kali, na ndiyo maana huharibu gari kuliko vumbi la udongo mwekundu. Kila jioni chujio la hewa linatolewa na kukung'utwa kwa kugongwa taratibu kwenye tairi, upande uliochafuka ukitazama chini. Ukilipuliza kwa upepo wa pampu kutoka upande wa nje, unazisukuma chembe ndani zaidi ya karatasi. Kioo cha mbele hakifutwi kikavu hata siku moja. Mwaga maji kwanza, acha yatiririke, ndipo utumie waipa; la sivyo siku ya tatu utakuwa na kioo chenye mikwaruzo ambayo jua la asubuhi litaigeuza kuwa ukungu.

Mchana tunafika Engaruka. Chini ya ukingo wa bonde kuna mabaki ya mashamba ya kale: matuta ya mawe, vijaluba vilivyosawazishwa na mifereji iliyojengewa kingo za mawe, vyote vikienea katika eneo la karibu kilomita 20 za mraba. Watu walilima hapa kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha wakaondoka. Mawe hayo ni ya volkano, na udongo uliokusanywa nyuma ya kila tuta umetokana na miamba na majivu ya Nyanda za Juu za Ngorongoro zilizo juu yake. Udongo wa namna hii una potasiamu na fosforasi ya kutosha. Kinachopungua ni maji. Waliojenga Engaruka walilijua hilo, ndiyo maana jasho lao lote lilimiminwa kwenye mifereji. Hata leo shamba la mahindi na maharage la Engaruka hupimwa kwa zamu ya maji.

Siku ya pili: Engaruka hadi Engare Sero, kilomita kama 60

Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla joto halijapanda. Kushoto ni Kerimasi, volkano iliyokwisha kulala, na ukingo wa bonde. Kulia kwa mbali ni milima ya Kitumbeine na Gelai. Njia inapita karibu na Shimo la Mungu, tundu kubwa la mviringo lililofukuliwa na mlipuko kwenye tambarare. Inafaa kusimama dakika kumi na kutazama kuta zake, kwa kuwa zinaonyesha matabaka ya majivu yaliyolala moja juu ya jingine kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Usikaribie ukingo. Majivu yaliyoshikana juu juu hubomoka yakikanyagwa, na mvua huchimba chini yake bila kuonekana.

Halafu Lengai yenyewe inajitokeza, karibu mita 2,960, umbo la pia iliyogeuzwa, kileleni nyeupe. Mgeni hudhani ni theluji. Weupe ule ni magadi.

Hapa ndipo mlima huu unapotengana na volkano nyingine zote zinazotoa lava leo duniani. Lava ya kawaida imejaa silika, madini ya mchanga na kioo, na huwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Lava ya Lengai karibu haina silika. Ni kaboneti za sodiamu, kalsiamu na potasiamu, na hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu. Kwa lugha ya jikoni, ni magadi yaliyoyeyuka pamoja na chokaa. Mwanajiolojia J. B. Dawson ndiye aliyeitambulisha kwa wanasayansi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na moja ya madini yake mawili makuu likaitwa nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jingine ni gregoriiti, kwa jina la J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa.

Nyerereiti ina sodiamu na kalsiamu ndani ya fuwele moja. Ikikutana na unyevu, sodiamu hutoka na kwenda na maji. Kalsiamu hubaki na kugeuka chokaa. Magadi huenda ziwani, chokaa hubaki mbugani. Mengi tutakayoyaona siku tano zijazo yanaanzia kwenye mgawanyo huo.

Kilomita za mwisho kabla ya Engare Sero, tambarare imejaa vilima vidogo visivyo na mpangilio, vingine vikubwa kama nyumba, vingine kama mtaa mzima. Ni vipande vya mlima. Zamani sana ubavu wa kaskazini wa Lengai uliporomoka, mawe na udongo vikakimbia hadi upande wa ziwa. Poromoko la namna hiyo halihitaji lava. Linahitaji mlima uliojengwa haraka kwa matabaka laini, mteremko mkali na mtikisiko mmoja. Mahali pa kupiga kambi panachaguliwa kwa kuzingatia jambo hilo, na pia mbali na midomo ya makorongo, kwa kuwa mvua ikinyesha juu ya ukingo, maji hufika chini wakati mbingu ya kambini ni nyeupe pe.

Maji ya kunywa yametoka Mto wa Mbu, lita tano kwa mtu kwa siku. Kijito cha Engare Sero kinachotoka kwenye korongo la ukingo wa bonde ni kitamu kwa kuoga na kupikia, lakini katika ukanda huu wa volkano kuchunguza floridi ni lazima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kaskazini mwa Tanzania huzidi hapo. Meno yenye madoa ya kahawia utakayoyaona kuanzia Arusha hadi Natron yametokana na floridi iliyonywewa utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floridi hubaki, hivyo unazidi kuikoleza. Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Mifupa ikichomwa kupita kiasi hadi ikawa myeupe, uwezo wake wa kunasa floridi hushuka. Ikichomwa kidogo mno ikabaki na mafuta, maji yatanuka na watu watayakataa.

Siku ya tatu: kijijini, kwenye nyayo na ziwani

Siku hii ni ya kupumzisha miguu na ya kusikiliza. Unapoingia bomani, salamu kwanza, na kwa mzee shikamoo haikosewi hata kama Kiswahili si lugha yake ya nyumbani. Maswali ya mlima yanakuja baada ya kuulizana hali ya mifugo na mvua. Kwa Wamaasai huu ni Mlima wa Mungu, na watu hupanda kuomba mvua na watoto. Kuuzungumzia kama tanuru tu ni kukosa adabu.

Milipuko mikubwa ya karne iliyopita inajulikana: 1917, 1940 hadi 1941, na 1966 hadi 1967. Kisha mlima ukanyamaza. Mwaka 1983 lava nyeusi ikarudi kwenye kreta, ikaijaza polepole, na mwaka 1998 ikaanza kumwagika ukingoni. Julai 2007 ardhi ilitetemeka kwa wiki kadhaa. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilifikia ukubwa wa 5.9 na kuhisiwa hadi Nairobi. Uji wa mwamba ulikuwa umejipenyeza kwenye ufa chini ya Gelai, upande wa pili wa bonde, na nyufa zikafunguka juu ya ardhi. Tarehe 4 Septemba 2007 Lengai ikalipuka, na majivu yakaendelea kuruka kwa vipindi hadi mwaka 2008.

Lava ya Lengai haijawahi kuwa adui mkubwa wa boma. Ni nyepesi kama mafuta lakini ni kidogo, hupoa haraka, na kwa kawaida huishia kreta au ubavuni. Hapa ni tofauti na Goma, ambako Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji na kufunika sehemu yake. Anayeishi chini ya Lengai huumizwa na majivu, na huumizwa kupitia mifugo.

Majivu ya 2007 na 2008 yalikuwa mchanganyiko wa silika na kaboneti, yakiwa na chumvi na floridi. Yakitanda kwenye majani, ng'ombe huyala pamoja na majani. Magadi huunguza midomo na utumbo, floridi huingia mwilini, na chembe ngumu husaga meno. Ndama ndio hutangulia kudhoofika, kwa sababu maziwa ya mama hupungua na wao wenyewe huchunga karibu na boma penye majani mafupi, ambako majivu huwa mengi kwa kila tonge. Mbuzi hustahimili kidogo zaidi kwa kuwa hula majani ya juu ya vichaka, lakini majivu mabichi hunata huko pia hadi upepo au mvua iyakung'ute. Wakati ule mifugo ilikufa na kaya zikahama.

Uamuzi wa kwanza basi ni mwelekeo: mifugo ipelekwe joshini, yaani upepo unakotoka. Kwa Lengai mara nyingi ni upande wa mashariki, Gelai au Kitumbeine, ingawa mazoea ya mfugaji ni kupanda nyanda za juu magharibi kwenye majani mabichi. Majani yale ndiyo yanayopokea majivu. Alalili, malisho ya ndama yaliyotengwa, ifaa iwe na sehemu pande mbili za mlima. Kijiji chenye alalili upande mmoja tu hakina pa kukimbilia.

Pili ni maji. Mabwawa na birika zilizo wazi huharibika haraka. Birika la saruji hufunikwa kwa turubai lililofungwa kwa mawe kabla majivu hayajafika. Kuchuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne huondoa chembe, lakini magadi na floridi vilivyokwisha kuyeyuka hupita. Ulimi hutambua magadi. Floridi haina ladha ya kutambulika. Karatasi za kupimia ukali wa maji ni rahisi na zinatosha kukuambia kama bwawa limebadilika tangu wiki iliyopita. Mpishi naye ana kipimo chake: sufuria ya alumini ikianza kuwa nyeusi ndani kwa maji matupu, magadi yameingia. Penye bati na mtaro, mtaro hutenganishwa na tangi, na mvua ya kwanza yote humwagwa.

Tatu ni paa. Sentimita moja ya majivu makavu ina uzito wa kilo kama 10 kwa kila mita ya mraba, na ikilowa inaweza kukaribia maradufu. Nyumba ya Kimaasai ina paa la karibu kulala, limekandikwa kwa samadi, na miti yake haikukusudiwa kubeba mzigo huo. Linasafishwa kabla ya mvua, kwa kukwangua kutoka chini, bila mtu kulipanda. Mdomo na pua hufunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo; kikilowa sana kinabana pumzi na kugeuka tope. Watoto hawasuguliwi macho, huoshwa kwa maji mengi safi.

Alasiri tunakwenda kwenye nyayo, karibu na mwambao wa kusini wa ziwa. Wakazi wa kijiji ndio walioziona kwanza, wanasayansi wakafuata. Ni nyayo za binadamu zaidi ya 400 kwenye tope la majivu lililotiririka kutoka Lengai, zenye umri wa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Katika kundi moja watu 17 walitembea pamoja kuelekea upande mmoja, wengi wao wanawake wazima. Tope lilikuwa laini walipopita, likakauka, kaboneti ikashika kama saruji, kisha tabaka jingine likaja kufunika. Ni chokaa ileile ya jana. Viatu vinavuliwa au hubaki nje ya eneo. Mwamba huu unaonekana mgumu lakini kona za nyayo huvunjika kwa uzito wa mtu mmoja.

Ziwa tunalipitia jua likizama. Natron haina mto unaotoka. Maji ya Ewaso Ng'iro kutoka Kenya na chemchemi za moto huleta sodiamu iliyooshwa kutoka miamba ya volkano ya ukanda wote, jua huchukua maji, magadi hubaki. Heroe wadogo, ndio flamingo wengi wetu tunaowajua, hujenga viota vya tope kwenye visiwa vya magadi ambako fisi na mbweha hawawezi kukanyaga, na inakadiriwa asilimia 75 ya heroe wadogo wa dunia huzaliwa hapa. Usitembee kuwafuata. Ganda la magadi hubeba ndege, halibebi mtu, na tope la chini yake huchubua ngozi.

Siku ya nne: kreta

Mlo wa jioni saa kumi na mbili, usingizi kidogo, gari linaondoka saa nne na nusu usiku, kupanda kunaanza kabla ya saa sita. Sababu ya kupanda usiku ni moja: hakuna mti wala kivuli, na kuanzia saa tatu asubuhi mteremko hugeuka kikaango. Kimo cha kupanda ni zaidi ya mita 1,500, saa tano hadi sita kwa mtu mwenye pumzi ya kawaida.

Kila mmoja ana lita nne za maji, taa ya kichwani na betri za akiba, fimbo mbili, glovu nene za kazi, suruali iliyofungwa vifundoni, kofia ngumu na kitambaa cha uso. Glovu ni za kushukia. Juu ya mita 2,000 njia ni majivu yaliyoshikana kama sakafu iliyoinamishwa, mteremko wa nyuzi 40 na zaidi mahali pengine, na juu yake kokoto zinazoviringika. Ukianguka unaweka mkono, na mwamba huu unachana kiganja. Watu hawatembei kwa mstari mmoja wa wima. Hujipanga kwa mshazari ili jiwe linalong'oka chini ya mguu wa wa kwanza lisimpige wa mwisho.

Majivu ya 2007 na 2008 yalikuwa laini miaka ya mwanzo. Mvua imechimba mifereji mirefu ndani yake, mingine ikimfikia mtu mabegani, na njia inabadilika kila msimu. Kwa hiyo mwongozaji aliyepanda mwezi uliopita anafaa kuliko ramani. Akisema turudi, tunarudi.

Juu kuna kreta mbili. Ya kusini ni ya kale na imeota majani. Ya kaskazini ndiyo hai. Kabla ya 2007 mtu aliweza kutembea juu ya lava iliyopoa ndani yake. Mlipuko uliifukua ikabaki shimo la kina cha takriban mita 100 lenye kuta za wima, na tangu hapo lava inalijaza upya kutoka chini. Kwenye sakafu kuna vichuguu vya lava, umbo lilelile la kichuguu cha mchwa, vyenye tundu kileleni. Gizani lava hutoa mwanga hafifu wa chungwa. Kukicha inaonekana nyeusi au kahawia kama mafuta machafu ya injini. Sauti yake ni ya chungu kinachochemka kwa mbali.

Rangi ndiyo saa. Nyeusi imetoka muda si mrefu. Mistari myeupe kwenye nyufa huanza ndani ya saa chache unyevu ukiigusa. Kijivu ni siku kadhaa. Nyeupe inayovunjika vidoleni kama unga ni wiki na zaidi, na mvua kubwa moja huiyeyusha juu na kuacha chokaa ya rangi ya kahawia. Ukielewa hivyo unasoma kreta nzima kwa macho: wapi lava ilipita jana, wapi imenyamaza.

Ukingo una nyufa zinazozunguka sambamba na shimo. Ardhi iliyo ndani ya ufa si ya kusimama. Upepo ukigeuka na kuleta moshi, tunahama, kwa kuwa kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya mashimoni bila harufu. Kichwa kuuma na pumzi kuwa fupi ghafla ni ishara ya kuondoka, wala usichuchumae. Alama tatu zinamaliza ziara papo hapo: mtetemeko miguuni, majivu kutoka mahali palipokuwa panatoa lava, na ukimya wa ghafla wa sauti iliyokuwa ikiendelea.

Kushuka kunaanza saa kumi na mbili na nusu, na ndiko kunakoumiza. Magoti huchoka kabla ya mapafu. Majeraha mengi ya Lengai hutokea wakati huu, watu wakiwa na usingizi na maji yamebaki nusu chupa.

Pembezoni mwa mlima kuna vituo vya kupimia mwendo wa ardhi kwa satelaiti, mtandao wa TZVOLCANO, ulioanza kuwekwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Ardhi na Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani. Mlima ukivimba milimita chache, vinaona. Paneli zake za jua haziguswi, na mbuzi hawafungwi kwenye nguzo zake. Tunachotamani kwa dhati ni kwamba takwimu hizo zimfikie laigwanani, kiongozi wa jadi wa Kimaasai, kwa simu, kwa maneno ya malisho na upepo, mapema kiasi cha kuhamisha ndama.

Siku ya tano: kupanda ukingo hadi Sale

Miguu mibovu, siku fupi. Njia ya kona kali inapanda ukingo wa bonde kutoka Engare Sero. Gia ya kwanza, magari yaachane mita 100. Juu hewa inabadilika, na ukigeuka unaiona Lengai chini ya upepo uleule unaokupiga usoni. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa mwili wake kwamba amesimama pale majivu yanapoangukia. Kambi Sale.

Siku ya sita: Malambo, milima ya Gol na Nasera

Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kimeshughulikiwa Arusha kabla ya safari, hakipatikani njiani. Kusini mwa Malambo miti inapungua, kisha inakwisha. Korongo la Ol Karien, penye viota vya tai kwenye kuta, tunalipita bila kukaa.

Mbele ya mwamba wa Nasera nyasi ni fupi kama zulia na hakuna mti hadi upeo wa macho. Sababu iko chini ya buti. Penye ukuta wa korongo dogo, kata udongo kwa jembe: juu kuna majivu laini ya kijivu, na chini yake, kwa kina kisichofika mita moja, tabaka jeupe gumu linalogonga kama saruji. Kaboneti ya majivu ya Kerimasi na Lengai ilishuka na maji ya mvua, mvua isiyotosha kuisukuma mbali ikaiacha pale, nayo ikaganda. Mzizi wa mti unagota. Nyasi zenye mizizi mifupi zinatosheka, na zinavuta kalsiamu na fosforasi kutoka udongo ambao bado haujazeeka.

Ndiyo maana nyumbu zaidi ya milioni moja huja kuzaa hapa, wengi ndani ya wiki chache za Februari. Mama anayenyonyesha anahitaji kalsiamu, na nyasi ndefu za magharibi na kaskazini hazina kiasi hicho. Mvua ikikatika wanaondoka, kwa kuwa udongo huu mfupi haushiki maji.

Mfugaji wa Kimaasai anaijua thamani ya nyasi hizi vilevile, lakini wakati nyumbu wanazaa anakaa mbali nazo. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye na vinavyomuua ng'ombe. Basi ng'ombe hupandishwa nyanda za juu hadi ndama wale wakue. Ni msimu huohuo ambapo mlipuko wa Lengai ungewakuta wafugaji na ng'ombe wao wamebanana kwenye nyasi za upande wa magharibi wa mlima, majivu mbele, ugonjwa nyuma. Anayepanga mipango ya dharura ya wilaya angeanza na kalenda hii.

Siku ya saba: mchanga unaohama

Kutoka Nasera hadi eneo la Olduvai ni asubuhi moja. Laetoli, kusini zaidi, haikuwa kwenye njia yetu, lakini ni ndugu wa nyayo za Engare Sero: mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, kwenye majivu yaliyolowa mvua na kukauka.

Chungu la mchanga liko peke yake kwenye tambarare, jeusi, umbo la mwezi mwandamo, urefu wa karibu mita 100 kutoka pembe hadi pembe na kimo cha kama mita 9. Mlima uko kilomita kama 70 mashariki. Pembe mbili zinaelekea magharibi, upepo unakoelekea. Chembe hupanda mgongo ulio joshini, hufika ukingoni, huporomoka upande wa pili, na kwa njia hiyo chungu zima husogea mita 15 hadi 17 kwa mwaka bila kupoteza umbo. Rusha konzi juu: chembe hazitawanyiki sana, huanguka zikiwa zimekusanyika, kwa kuwa zina madini ya chuma yenye sumaku. Pitisha sumaku ya spika ya redio juu ya mchanga nayo inaota ndevu.

Usilipande. Nyayo za watu huvunja ukingo wa juu, upepo ukaingia penye pengo na kuanza kulikata vipande. Tazama kutoka pembeni, asubuhi, kabla upepo haujakolea na vumbi halijaanza kutembea chini chini kama moshi.

Nyuma yake, upande wa mashariki, kuna nguzo fupi zenye miaka, kila moja ikionyesha mahali mchanga ulipokuwa. Kati ya nguzo za zamani nyasi zimeshaota tena, na mbuzi wa boma la jirani wanazila. Karibu na mkia wa mchanga ardhi bado ni tupu, nyeusi kidogo, na unaweza kuhesabu kwa hatua ni umbali gani kutoka nguzo ya mwisho hadi jani la kwanza la kijani.